Sikio la Taarab: Namna ya Kumpima Mwimbaji

Ukimsikia mtu anamsifu mwimbaji wa taarab kwa kusema ana sauti tamu, jua bado yuko mlangoni. Utamu wa sauti ni majaliwa. Wenye sauti tamu wamejaa tele, kwenye maulidi, kwenye harusi na majikoni, na hakuna anayefunga safari kwenda kuwasikiliza. Mwimbaji hutambulika kwa kazi anayoifanya na sauti aliyopewa: analichukua neno la mtunzi, analipitisha katikati ya fidla, kanuni na ngoma, na analifikisha likiwa zima kwa mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Kazi hiyo ina ufundi, na ufundi unapimika. Nitaeleza ninavyoupima mimi, na nitaeleza kwa kupitia waimbaji ninaowaenzi, maana hao ndio walionifunza kusikiliza.

Nazungumzia taarab asilia ya Unguja, ya Mombasa na ya Tanga. Taarab ya kisasa ina wapenzi wake na vipimo vyake. Nitaigusa kidogo mbele huko.

Anza na shairi. Katika taarab, shairi hutangulia na muziki hufuata. Mtunzi huandika beti zake, mwingine hutia muziki, au mtunzi mwenyewe akiwa ana kipaji hicho, kisha wimbo hukabidhiwa mwimbaji. Nyimbo nyingi za Unguja zina mishororo mitatu kwa kila ubeti, mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Vyombo huingia kati ya ubeti na ubeti, na mara nyingi hata kati ya mshororo na mshororo. Kwa hiyo msikilizaji hapewi shairi lote kwa pamoja. Hupewa kipande, akapigiwa muziki, akapewa kipande kingine. Katika mapengo hayo ndimo maana huvuja. Mwimbaji hodari anapomaliza ukwapi huiacha sauti ikining'inia, ukajua kuna neno linakuja. Anapomaliza utao huituliza, ukajua hoja imefungwa. Hata fidla zikicheza kwa muda mrefu vipi, wewe unabaki umeshika ncha ya maneno, unangoja ncha ya pili. Mwimbaji dhaifu huimba vipande vyote kwa uzito mmoja, na ubeti ukiisha hujui aliyelalamikiwa ni nani wala amekosa nini.

Kipimo changu cha kwanza ni kalamu. Tafuta wimbo usiokuwa ukiujua, sikiliza ubeti mmoja mara moja tu, kisha andika ulichosikia. Ukiweza kuandika mishororo yote mitatu na vina vyake, huyo aliyeimba ni wa kuangaliwa. Ukibakiwa na maneno mawili matatu na kumbukumbu ya lahani nzuri, umesikia sauti, wimbo hujausikia. Watu wengi wakijaribu hivi hushangaa kuona nani anabaki na nani anaanguka katika orodha yao ya vipenzi.

Sababu moja inayowaangusha wengi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo humsaidia msikilizaji kulitambua neno. Lahani hailijui hilo. Mtia muziki asiyekuwa mwangalifu huiweka noti ndefu ya juu kwenye silabi isiyostahili, na mwimbaji ndiye anayebakia na mzigo wa kuliokoa neno. Hapo ndipo pa kutega sikio. Dhaifu huufuata muziki, neno likapinda, na kwa nukta moja msikilizaji anadhani limetajwa jambo jingine. Hodari huidokoa ile noti ndefu: huingia mapema kidogo, au huchelewa, akaipa silabi yenye mkazo nafasi yake, kisha akairudia lahani pale vyombo vinapomsubiri. Ukisikiliza bila kujua hutaona chochote kilichofanyika. Ukijua, utaona kazi kubwa imefanywa katika muda wa kufumba na kufumbua.

Mombasa wana jambo lao hapa. Kimvita hutofautisha sauti ambazo Kiswahili cha vitabuni huziandika kwa herufi moja: paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa, yule mnyama hutolewa kwa mpumuo. Mwimbaji wa Mombasa aliyelelewa na lugha hiyo huutoa mpumuo huo hata katikati ya lahani ya kasi. Msikilize Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na utaelewa ninachosema. Nyimbo zake nyingi zilichukua lahani za filamu za Kihindi, lahani zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine kabisa, zenye mikazo yake na irabu zake. Mtu mwingine angeimba Kiswahili chenye lafudhi ya Kihindi. Bhalo alikiacha Kimvita kikae ndani ya lahani hizo bila kukikunja. Ilimsaidia pia kwamba alikuwa na mtunzi wa kumtegemea katika jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita, ambaye mashairi yake hayana neno la kujazia mizani. Mwimbaji anayepewa shairi lisilo na neno la bure hana mahali pa kujificha, na Bhalo hakutafuta pa kujificha.

Nadhani mazoea yetu ya kusifu sauti na kuyasahau maneno yana historia. Kwa simulizi iliyozoeleka, taarab ilishika mizizi Unguja enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Nyimbo za mwanzo hizo zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliozisikia walifurahia mawimbi ya sauti kuliko kilichokuwa kikisemwa. Sikio lililokuzwa hivyo hutafuta pambo kwanza.

Aliyeligeuza sikio hilo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akakulia katika ufinyanzi, akatembeza vyungu akiuza, na mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na santuri hizo ziliisambaza sauti yake katika pwani yote. Yeye na kundi lake, wakiwemo Mbaruk Talsam aliyekuwa kipofu, Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban, walikiweka Kiswahili mbele, na habari za watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji huo, zikaingia katika wimbo: mahakama, dhuluma, wanaume waongo, mapenzi yaliyoharibika. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke na mtuhumiwa aliyevuka bahari akakimbilia bara. Wimbo wa namna hiyo ukimezwa silabi, kesi nzima imepotea. Waliomsikiliza walitaka kujua nani alifanya nini na hukumu ilikuwa ipi, na kesho yake waliyarudia maneno sokoni.

Ukitaka kuzisikiliza santuri za Siti leo, jitayarishe. Zinakwaruza. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua dakika tatu hivi, kwa hiyo nyimbo zimebanwa, na muziki wa kupumzikia umepunguzwa. Sauti yake ni kali, nyembamba, inapita puani kidogo, na kwa sikio lililozoea sauti nono za spika za leo huenda usiipende mara ya kwanza. Vumilia usikilize tena. Ukali ule ni zana. Mwimbaji aliyekuwa akiimba kwenye baraza na nyumba za watu bila kipaza sauti alihitaji sauti inayokata, na ile ya puani hukata kuliko ile ya kifuani. Lakini angalia jinsi alivyouzuia ukali huo usiyale maneno. Konsonanti zake zimesimama. Kituo cha kina cha kati kinasikika. Anapoipamba irabu ya mwisho, huipamba baada ya neno kwisha kueleweka, haigusi hata nukta moja kabla hajalimaliza. Karibu karne moja baadaye, kupitia mikwaruzo yote ile, kalamu yako bado inaweza kuandika. Ndiyo maana Shaaban Robert, mtu aliyejua thamani ya neno kuliko wengi wetu, alikaa akaandika kitabu kizima juu ya maisha yake.

Baada ya neno huja pumzi, na hapa nataka tukae kidogo.

Mshororo wa mizani kumi na sita, ukiimbwa kwa mwendo wa taratibu na mapambo yake, ni mrefu kuliko pumzi ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo lazima ipatikane nafasi ya kuvuta. Mahali pa halali ni kati ya ukwapi na utao, pale kina cha kati kinapotua. Mahali pa pili ni baada ya neno linalojitegemea, kabla ya kiunganishi. Mahali pa haramu ni katikati ya neno, na baina ya kitenzi na kile kinachotendwa. Inaonekana ni jambo dogo mpaka utege sikio na kuona ni wangapi wenye majina makubwa wanaolikata neno katikati kwa sababu pumzi imewaishia kwenye pambo la mwanzo.

Niliwahi kukaa mazoezini mwa klabu moja mjini Unguja, jioni, watu wamekaa kwenye viti vyao na fidla zao magotini, mwimbaji mmoja mama wa makamo akijaribu wimbo mpya. Kila alipofika mshororo wa pili alisimama. Kijana aliyetia muziki akamwambia, "Mama, hapo endelea tu, usivute, lahani inakwenda moja kwa moja." Yule mama akajibu bila kupaza sauti, "Mwanangu, nikienda moja kwa moja nitavuta ndani ya jina la mtu. Ongeza kipigo kimoja." Wakabishana kidogo, mzee wa kanuni akacheka, kisha kipigo kikaongezwa. Walipourudia, ubeti ule ulisimama wima. Kipigo kimoja cha ngoma ya dumbak kilikuwa kimetosha kuliacha jina likatamkwa bila kuvunjwa. Nilipousikia wimbo huo baadaye jukwaani hakuna aliyekijua kipigo kile, na watu walilipigia makofi jina.

Ukitaka kujizoeza, fumba macho na usisikilize chochote isipokuwa pumzi. Hesabu kimyakimya anapovuta. Je, unaisikia? Mwimbaji aliyekomaa huivuta bila kelele, mara nyingi chini ya kivuli cha fidla inayomjibu. Je, anavuta palepale katika kila ubeti, hata kama maneno ya ubeti huo yanadai pengine? Huyo ameikariri lahani na shairi hajalielewa. Na mwisho wa mshororo, sauti inakatika au inatua? Mwenye akiba ya pumzi huiacha sauti ishuke kwa hiari yake. Aliyeishiwa huitupa.

Sasa pambo. Najua wapo watakaosema nimelichelewesha, kwamba taarab bila mawimbi ya sauti ni hotuba. Nakubali kwamba pambo ni sehemu ya fani, na mimi mwenyewe hulifurahia likija pake. Pambo ni kama darizi ya kanzu: hukaa shingoni na kifuani, na fundi anayetia darizi kanzu nzima amewaharibia wote, mvaaji na mtazamaji. Katika wimbo, mahali pake pa asili ni irabu ya mwisho ya utao, na neno moja la ubeti ambalo ndilo kiini. Sikiliza ni neno gani mwimbaji amelichagua. Akipamba "na", "kwa" na "yangu" kwa sababu tu zimeangukia noti nzuri, hana habari na anachokisema. Akilipita jina la mpenzi kwa wepesi na kulikalia neno la kiapo, ujue amelisoma shairi nyumbani kabla ya kuja.

Upo pia usahihi wa ngazi za sauti. Taarab ya asili hutumia maqam za Kiarabu, rasti, bayati, hijazi, nahawandi, sika na nyinginezo, na baadhi ya hizo zina sauti zinazokaa baina ya vidude viwili vya kinanda. Sauti ya tatu katika rasti na ya pili katika bayati ndizo za kuchunga. Fidla, udi na nai zinaweza kuzifikia sauti hizo. Kodiani na kinanda cha kawaida haziwezi, maana kila kidude kimefungwa mahali pake. Mwimbaji aliyekulia mbele ya udi huzigonga bila kufikiri. Aliyekulia mbele ya kinanda cha umeme huzisogeza mpaka zilingane na kinanda, na wimbo wa bayati ukaanza kunuka dansi. Huhitaji kujua majina ya maqam ili kulisikia jambo hili. Sikiliza wimbo uleule ukiimbwa kwa udi peke yake, kisha kwa kinanda, na sikio litakuonyesha lilipopungukiwa.

Kwa upande huu simjui aliyenitosheleza kuliko Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, aliyefariki mwaka 2016. Yeye alijipigia udi mwenyewe, na mengi ya mashairi aliyoyaimba yalikuwa ya Sheikh Ahmed Nabhany, yenye Kiamu kizito kinachomtaka mwimbaji ajue anachokitamka. Sauti yake haikuwa kubwa. Raha yake ni ile hali ya udi na koo kupokezana: analiacha neno lifike, kisha nyuzi zinalichukua neno lilelile na kulitembeza katika ngazi ambazo koo lake limezikwepa kwa heshima ya maana. Pambo analihamishia kwenye vidole. Kwangu mimi huo ni ukomavu wa hali ya juu, na wapiga udi wanaoimba wangefanya vyema kulichunguza hilo kabla ya kuchunguza kasi ya mkono wake.

Baadhi ya wasomaji watauliza: na Bi Kidude je? Fatuma binti Baraka alivuma duniani akiwa mzee, mwaka 2005 alipewa tuzo ya maonyesho ya muziki ya WOMEX, na alipofariki Aprili 17, 2013, Unguja nzima ilisimama. Sauti yake ilikuwa imepasuka, imejaa moshi wa sigara, na kwa vipimo vya wanaotafuta utamu asingepita hata mlango wa kwanza. Lakini mweke mbele ya kalamu. Muhogo wa Jang'ombe, wimbo alioupokea kwa Siti, ukitoka kinywani mwake hakuna neno linalokupita. Bi Kidude alikuwa pia mtu wa unyago na wa ngoma ya msondo, na nadhani siri imelala huko: aliyezoea kuwafunda wari huku anapiga ngoma hawezi kuruhusu neno lipotee, kwa kuwa neno ndilo somo. Pumzi zake za uzeeni zilikuwa fupi, naye alizipanga kwa akili. Alivikata vipande mahali palipokatika, kisha akaacha ngoma izibe. Waliomwiga kwa kukwaruza koo wamechukua kovu na kuacha mwili. Makame Faki wa Unguja, watu walimpa jina la Sauti ya Zege, na jina hilo walimpa kwa mapenzi. Zege hilo halikuwahi kumzuia kueleweka.

Na kuna Shakila Saidi, wa Tanga. Tanga walikuwa na njia yao, Black Star na Lucky Star, vikundi vidogo vyenye gitaa la umeme na mwendo mwepesi, bila safu ya fidla ya Unguja. Muziki mwepesi humwacha mwimbaji uchi. Hakuna fidla kumi za kukufunika ukikosea. Shakila aliimba hapo kwa sauti iliyonyooka, nyepesi, karibu haina mawimbi. Usikilize wimbo wake maarufu, Macho Yanacheka, wimbo wa mtu anayeificha huzuni yake. Mwimbaji mdogo wake angelia. Angetetemesha sauti ili tujue kuna uchungu. Shakila halii hata kidogo. Anaeleza. Anaweka kila neno mahali pake kwa utulivu wa mtu aliyeamua kutoonyesha, na uchungu unakufikia kwa sababu ya utulivu ule. Kila ninaposikia mwimbaji kijana anayeanza kwikwi kwenye ubeti wa kwanza, namkumbuka Shakila na kutamani angemsikiliza. Mama huyu alifariki Agosti 2016, na naona hatujamsifu inavyomstahili.

Kipimo ninachokiamini baada ya kalamu na pumzi ni ubeti wa tatu. Ubeti wa kwanza kila mtu yu mzima, lahani ni mpya, wasikilizaji wanasikiliza. Ubeti wa pili lahani imeshazoeleka. Wa tatu ndio unaomtoa mtu nje. Mwimbaji aliyekariri huurudia ule wa kwanza kwa maneno mengine: pambo lilelile, mahali palepale, hata kama safari hii pameangukia neno la kawaida. Mwimbaji anayefikiri huugeuza. Pengine huchelewa kuingia baada ya muziki, akaacha vyombo vizunguke tena, ili ukwapi uje na uzito. Pengine huushusha mshororo wote chini, karibu na kuzungumza, kisha akapanda kwenye kibwagizo. Ukiwa na nafasi ya kusikiliza mara moja tu kabla ya kuamua, ruka ubeti wa kwanza, ngojea wa tatu.

Kuhusu vyombo sina mengi. Kundi zuri hupunguza sauti anapoimba mtu na kupandisha anapokaa kimya, na mpiga kanuni anayejua kazi, kama Rajab Suleiman alivyokuwa akifanya na Culture Musical Club, hutia manukato machache nyuma ya neno na kuliacha lipite. Kundi linalomfunika mwimbaji ni kundi baya, hata likiwa na fidla ngapi.

Watazame pia wasikilizaji, hasa wakati wa kutunza. Mtu anapoinuka na noti mkononi, angalia ameinuka kwenye neno gani. Katika hafla yenye mwimbaji hodari, watu huinuka katikati ya mshororo, kwenye neno lenyewe linalowagusa wao au linalomlenga aliyekaa meza ya pili, na noti hutembezwa hewani huku mtu akiimba kimoyomoyo. Katika hafla ambayo maneno hayafiki, watu hutunza wakati wa muziki au kibwagizo tu, pale wanapolijua neno tangu zamani. Tofauti hiyo inasema mengi kuliko wingi wa pesa uliokusanywa.

Nimeahidi kuigusa taarab ya kisasa. Ina vipaji, Khadija Kopa ana kinywa kinachotamka, na hata akiwa kwenye mipasho ya kasi neno lake haliliwi. Tatizo langu ni mitambo. Kipaza sauti kikifunguliwa mpaka mwisho na mwangwi ukaongezwa, kila silabi huburura mkia wa ile iliyotangulia, na mwimbaji mzuri na mbaya huwa sawa. Mafundi mitambo wetu wanapenda mwangwi mno. Naomba waupunguze nusu usiku mmoja tu, wajionee wenyewe.

Jambo jingine linaniudhi, na nalisema kwa uwazi. Tunawataja waimbaji na kuwasahau watunzi na waliotia muziki. Kanda na rekodi nyingi zimepita mikononi mwetu zikiwa na jina la mwimbaji peke yake. Mpimaji wa kweli huuliza: shairi la nani? Nani ametia muziki? Ukiyapata majina hayo mara kwa mara utaanza kuona mambo, kwamba mwimbaji fulani hung'aa akipewa mashairi ya mtu fulani tu, na kwamba sifa nyingine tulizompa hazikuwa zake peke yake.

Kama unataka kuanza leo, anza na Shakila, kwa kuwa muziki wake hauna pa kujificha na sikio litajifunza haraka. Kisha nenda kwa Bhalo usikilize Kimvita ndani ya lahani za watu wengine, kisha Zein na udi wake. Siti mweke wa mwisho, ukiwa umeshazoea kusikia kupitia mikwaruzo. Na ukiwa unaandaa harusi na unataka kundi la taarab, usiamue kwa rekodi waliyokutumia kwenye simu. Nenda mazoezini kwao, waombe wazime spika, mwambie mwimbaji aimbe wimbo mmoja mpaka ubeti wa tatu, na uwe umebeba kalamu.